Je, Waijua Kapasita ya Tantali?

Ndani ya simu na redio nyingi zilizokufa, zile zilalazo sandukuni au juu ya kabati katika nyumba za kwetu Nyabiondo, Masisi, nchini Kongo, kwa kuwa mwenyewe hana moyo wa kuzitupa wala hana mahali pa kuzipeleka, mna kidude kimoja, aghalabu cha rangi ya manjano au nyeusi, ambacho mara nyingi hakizidi punje ya mpunga kwa ukubwa, chenye mstari upande mmoja wa kumjulisha fundi ulipo upande chanya wa umeme. Hiyo ndiyo kapasita ya tantali. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa mara moja unapohitajiwa, ili mkondo uzifikie sehemu nyingine za chombo ukiwa umetulia, bila ya kupanda na kushuka. Nayo huifanya kazi hiyo usiku na mchana, muda wote simu iwapo hai, pasipo mwenye simu kujua kwamba ipo.

Tantali ni metali ya rangi ya kijivu yenye kuelekea buluu, iliyogunduliwa mwaka 1802 na mwanakemia wa Uswidi, Anders Gustaf Ekeberg. Ni nzito kuliko risasi, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,000 za Selsiasi, na asidi nyingi kali, zile ziwezazo kula chuma na shaba, haziidhuru. Siri ya ustahimilivu huo ni ngozi nyembamba mno ya oksidi ambayo hujifanya yenyewe juu ya uso wa metali mara igusanapo na hewa, ikaifunika pasipo kuacha nafasi. Na ngozi hiyo hiyo, maadamu haipitishi umeme, ndiyo waliyoitumia wahandisi wa maabara za Bell huko Marekani katika miaka ya 1950, walipobuni kapasita ya tantali iliyo yabisi.

Namna itengenezwavyo inastaajabisha. Unga laini wa tantali hushindiliwa kuuzunguka uzi wa metali hiyo hiyo, ukatiwa katika tanuri isiyo na hewa mpaka chembe zake zishikamane bila ya kuyeyuka, na kikapatikana kipande kilichojaa vitundu ndani kwa ndani. Kisha kipande hicho huchovywa katika maji ya asidi, umeme ukapitishwa, na ngozi ya oksidi ikamea juu ya kila ukuta wa kila kitundu, nyembamba mamia ya mara kuliko unywele wa binadamu. Nyuso za vitundu hivyo, lau zingetandazwa pamoja, zingekuwa pana mno zikilinganishwa na udogo wa kipande chenyewe, na kwa ajili hiyo umeme mwingi hupata makazi katika mahali padogo. Hii ni mojawapo ya sababu zilizoiwezesha simu kuingia mfukoni.

Metali hii hutoka katika jiwe jeusi na zito liitwalo koltani, ambamo imechanganyika na jamaa yake, niobi. Katika eneo letu hili hili la Masisi iko Rubaya, ambako wachimbaji wenye sururu na koleo hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Nawe ukiifuata njia ya magharibi ipitayo Nyabiondo, wafika Walikale, na huko uko mlima wa Bisie, ambako kasiteriti ilichimbwa kwa mikono na kubebwa migongoni kupita msituni kwa miaka mingi kabla ya kampuni ya Alphamin kuanza kuitoa kwa mitambo mwaka 2019. Katika kasiteriti hupatikana bati, na bati ndilo asili ya lehemu inayoishikamanisha kapasita na ubao wa sakiti. Lehemu ya vyombo vya siku hizi, tangu risasi ilipopigwa marufuku katika vyombo vingi vya umeme huko Ulaya mwaka 2006, huwa aghalabu na bati zaidi ya asilimia 95. Basi Masisi na Walikale, walio majirani kwa ardhi, yamkini hukutana tena ndani ya simu, mmoja akimshika mwenziwe.

Mwishoni mwa mwaka 2000, viwanda vya simu na vya michezo ya video vilipoishindania tantali, bei yake ilipanda karibu mara kumi, na mwaka uliofuata ikaanguka. Vijana walioacha mashamba na shule kwa ajili ya jiwe hilo walibaki na mashimo, na vita vilivyojilisha kwa jiwe hilo havikukoma bei iliposhuka. Miaka kumi baadaye, mwaka 2010, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama tantali, bati, tangsteni na dhahabu zinazozitumia zatoka Kongo au kwa majirani zake. Dunia, kwa hiyo, imejitaabisha sana kuuliza jiwe limetoka wapi. Ni wachache waulizao linakwenda wapi.

Linakokwenda ni jaani. Mwaka 2022 walimwengu walizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Katika Afrika haikufika hata asilimia 1. Huu ni ubadhirifu wa mali adhimu, kwani tani moja ya simu kuukuu ina dhahabu ya gramu mia kadhaa, ilhali tani ya mawe ya mgodi, hata ule unaosifiwa, aghalabu haina zaidi ya gramu chache.

Walakini lipo jambo ambalo wasifuo urejelezaji hawalitaji mara nyingi, nami naliona ndilo kubwa kwetu sisi. Ubao wa sakiti utiwapo katika tanuri kubwa za kuyeyushia, kama zile za kampuni ya Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, dhahabu, fedha na paladi hufuatana na shaba iliyoyeyuka, kisha zikatengwa moja moja kwa ustadi mkubwa. Tantali haifuati. Kwa tabia yake ile ile ya kuipenda oksijeni, ambayo ndiyo iliyoifanya ifae katika kapasita, huiacha shaba, ikaungana na oksijeni na kuingia katika takataka za tanuri, ikatawanyika humo kwa kiasi kidogo hata kuitafuta tena kukawa hakuna faida. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 iliihesabu tantali miongoni mwa metali ambazo hata asilimia 1 yake haipatikani tena baada ya chombo kufa. Maana yake ni kwamba simu moja ikirejelezwa kwa desturi hiyo, dhahabu yake hurudi sokoni na jiwe la Masisi hupotea, na kwa kila kapasita iliyopotea hivyo mtu mwingine hana budi kuingia shimoni kutafuta badala yake.

Dawa ya hasara hiyo haikufichika: kapasita ing'olewe kwanza, ubao ukiwa mzima, kabla ya kusagwa au kutiwa motoni. Taasisi ya Fraunhofer ya Aachen, Ujerumani, na washirika wake walijenga, mwishoni mwa muongo wa 2010, mtambo wenye kamera za kuitambua kapasita ya tantali juu ya ubao na mwali wa leza wa kuilegeza lehemu yake. Nisomapo habari za mtambo ule, fikira zangu huwaendea mafundi wa simu na redio wa vijiji vyetu, ambao kazi iyo hiyo waifanya kwa macho yao na chuma cha kulehemu, wakiitoa sehemu nzima katika chombo kilichokufa ili kukihuisha kingine. Kapasita iliyohamishwa hivyo ikiwa salama haihitaji kuyeyushwa hata kidogo, na hakuna urejelezaji ulio bora kuliko huo. Maarifa ya mafundi hawa hayajawahi kuthaminiwa kama sehemu ya biashara ya madini, nami nadai kwamba ndiyo sehemu iliyo safi kupita zote.

Vituo vya kupokelea vyombo vikuukuu vipo katika Afrika ya Mashariki. Nairobi ina Kituo cha WEEE, kilichozaliwa na shirika lililokuwa likizipatia shule kompyuta. Kampala ilifungua kituo cha taifa mwaka 2021. Na Rwanda ina kiwanda huko Bugesera. Utaratibu wao unaeleweka na mtu yeyote: vyombo huletwa na kupimwa, vinavyotengenezeka hutengenezwa, vilivyobaki hufumuliwa kwa mikono, plastiki kando, chuma kando, shaba kando, na mbao za sakiti hupelekwa kwa wenye tanuri. Ila gunia la simu za Nyabiondo haliwezi tu kupakiwa na kuvushwa mpaka. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ambao Kongo ni mwanachama wake, wataka taka zote za umeme, ziwe za hatari au zisiwe, zisivuke mpaka pasipo idhini ya maandishi ya nchi zinazohusika. Sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa iliwekwa ili wenye nguvu wasiwatupie wanyonge uchafu wao. Nayo yatulazimu kuanza nyumbani.

Kuanza nyumbani kwawezekana. Koltani ina mizani, ina magunia, imewahi kuwa na vibandiko vyenye namba, na ina wanunuzi wanaojua kuifikisha Goma hata njia ikiwa matope matupu. Iwapo tasnia ya koltani yaweza kulifuata jiwe bichi hadi kilimani, yaweza pia kuacha katika kila soko sanduku moja la kupokelea vilivyokufa, ikamlipa fundi kwa kila kapasita aliyoing'oa, na magari yake yakashuka na magunia mawili badala ya moja. Ni deni lake.

Lakini sanduku hilo halipaswi kupokea kila kitu pamoja, na hapa nasihi kwa msisitizo, kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu hupata mwanga kwa paneli ndogo za jua, na nyuma ya paneli ipo betri, ambayo mara nyingi ni ya risasi na asidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliingiza risasi katika damu ya watoto wa mtaa, mpaka mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hapo, Phyllis Omido, ambaye mwanawe alipatwa na madhara hayo, akasimama kuwatetea. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Risasi iliyokwisha kuingia katika ubongo wa mtoto haina fidia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu iliyokufa usiichome ili upate waya wa shaba, wala usiipondeponde. Iweke mahali pakavu, na siku ya soko umpelekee fundi aitazame kwanza. Betri ya risasi usiifungue wala usiimwage asidi yake shambani au mtoni. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe: ifunike ncha zake kwa utepe wa plastiki, iweke peke yake katika kopo la mchanga mkavu, mbali na watoto na moto.