MADIRISHA YANAFUNGWA, SHUKA SINGIDA!

Mwulize kijana yeyote wa mjini, "Singida kuna nini?" Atakujibu bila hata kufikiri: kuku. Ukimbana sana ataongeza mafuta ya alizeti na upepo. Mwulize tena ameijuaje Singida, utasikia: "Nilipita nikienda Mwanza."

Alipita! Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022, wenye eneo la karibu kilomita za mraba 49,000, mwenzetu kaumaliza wote kwa dirisha la basi, paja la kuku mkononi.

Mimi ni mtoto wa huko huko. Kidato cha nne nimemalizia huko, upepo wake umenipeperushia daftari mara ngapi sijui. Safari hii nikaamua kuizunguka miji yetu kama mgeni: begi mgongoni, vijisenti mfukoni, na sharti moja tu. Kila mji nishuke, nile kinacholiwa, na nikipata kitanda nilale. Kwa nini nijisumbue? Twende taratibu, msomaji wangu, utanielewa.

MANYONI: MTOTO WA RELI

Ukitokea Dodoma, mji wa kwanza mkubwa ni Manyoni. Lakini wazee watakwambia zamani mwenye jina hakuwa Manyoni, alikuwa Kilimatinde, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa. Misafara ya enzi za biashara ya pembe na watumwa ilipita huko, na Wajerumani walipokuja wakajenga boma lao huko huko. Kilimatinde ndiyo ilikuwa mjini, bwana!

Kisha ikaja Reli ya Kati. Ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imeshapita Manyoni na Itigi, na Kilimatinde ikaachwa pembeni. Ofisi zikahama, wafanyabiashara wakahama, na ujana nao ukahama. Leo Kilimatinde ni mahali pa utulivu penye hospitali ya kanisa na mandhari ya kukutoa roho, lakini ukisema "naenda mjini" hakuna atakayedhani unaenda huko.

Hilo ndilo somo la kwanza nililoondoka nalo: njia ndiyo inayozaa mji, na njia hiyo hiyo ndiyo inayouacha yatima.

Hapo Manyoni nilimkuta shangazi yangu, anauza asali na kuku wa kuchoma kwa wasafiri miaka nenda rudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea ugali na mlenda, ndipo akanitupia swali lililonikosesha usingizi:

"Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hebu niambie. Hiyo treni mpya ya umeme, madirisha yake yanafunguka?"

Hayafunguki, shangazi. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na mimi nimeipanda. Kiyoyozi kinapuliza, vioo vimefungwa. Reli yenyewe imeshafika Makutupora, hapo hapo wilayani Manyoni, na kipande cha kutoka hapo kwenda Tabora ndicho kinachojengwa. Si treni tu. Hata mabasi ya masafa siku hizi ni yale ya vioo visivyofunguka. Muuzaji anainua kuku wake juu, abiria ndani anamtazama kama anatazama televisheni, dereva huyo anaondoka.

Umeona sasa? Miji yetu imelelewa na dirisha. Ada za shule za wangapi zimetoka dirishani! Sasa dirisha linafungwa, na sisi bado tumesimama chini tumeinua sinia.

ITIGI: ASALI NA KICHAKA

Kutoka Manyoni nilikata magharibi kwenda Itigi, si mbali. Itigi ni mji mdogo wenye mambo makubwa. Kwanza kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Ndugu wa wagonjwa ndio wanaojaza nyumba za wageni na mama ntilie wa pale. Hao, angalia, hawanunui dirishani. Wameshuka, wanalala, wanakula.

Pili, kuna kichaka. Usicheke. Kichaka cha Itigi si vichaka vya nyuma ya nyumba yenu. Ni msitu mfupi uliosokotana hata mbuzi anaomba njia, na wataalamu wa mimea wanaufahamu kwa jina la mji huu huu. Aina hiyo inapatikana hapa kwetu na upande wa Zambia. Wenyeji wanaufahamu kwa kitu kingine: nyuki. Asali ya huko ukiionja utaona ile ya chupa uliyozoea mjini ni maji ya sukari. Ukiendelea kusini unaingia Pori la Akiba la Rungwa, lenye tembo na simba.

SINGIDA MJINI: PWANI BILA BAHARI

Nikarudi Manyoni, nikashika lami ya kaskazini. Unapita Ikungi, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2023, kisha unaanza kuona mawe. Mawe juu ya mawe, kama jitu lilikuwa linacheza halafu likaitwa kula. Hapo umefika Singida mjini.

Mji huu umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Jioni nenda Singidani. Jua linazama, mawe yanageuka rangi ya dhahabu, na ukibahatika unakuta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamesimama majini kwa mguu mmoja. Vijana wapo juu ya majabali, wawili wawili, kila mmoja na siri zake. Upepo unavuma mpaka kofia inaondoka. Wewe unayetumia nauli kwenda kupiga picha fukwe za watu, hii hapa pwani, ila bahari tu ndiyo haipo.

Asubuhi nenda soko la vitunguu la Misuna uone magunia yanavyopakiwa. Halafu upite uwanja wa Liti, zamani ukiitwa Namfua. Mashabiki wa mpira wanaufahamu tangu Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017. Lakini wangapi wanajua Liti ni nani? Ni mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wanasimulia kwamba silaha yake ilikuwa nyuki, eti aliwaachia wazungu wenye bunduki wakatimua mbio. Stori kama hiyo wenzetu wangeshaitengenezea filamu. Sisi tunaipita kwa basi.

KIOMBOI NA DHAHABU YA TEMBO

Kutoka Singida nilielekea barabara ya Nzega, nikaacha lami kuu pale Misigiri kuingia Kiomboi, makao makuu ya Iramba. Wanyiramba ni watu wakarimu. Nilikaribishwa uji wa mtama na bibi ambaye hata jina langu alikuwa hajaliuliza.

Mbele zaidi, barabara kuu inateremka Mlima Sekenke kwenda Shelui. Abiria wote wanapajua, maana kona zile huwa zinawakumbusha watu dini zao. Lakini chini ya kona hizo kuna habari. Sekenke palichimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowabana na sarafu zikawakatikia, mwaka 1916 walichukua dhahabu hiyo wakatengeneza Tabora sarafu ya rupia 15, upande mmoja ikiwa na picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani wanaitafuta kwa udi na uvumba. Dhahabu ya Iramba hiyo!

Na ukitaka kuona njia inavyoweza kuususa mji, tafuta Kinyangiri, siku hizi iko wilaya ya Mkalama. Waingereza waliifikisha reli huko miaka ya 1930, ikitokea Manyoni kupitia Singida. Miaka ya 1940 ikang'olewa. Tawi la kwenda Singida lilikuja kujengwa upya baadaye, lakini Kinyangiri haikurudishiwa reli yake.

SASA TUFANYEJE?

Waingereza wana jimbo lao la pwani linaitwa Sussex, na mji wake maarufu ni Brighton. Reli kutoka London ilipofika Brighton mwaka 1841, watu wa London walianza kumiminika kwa safari za siku moja. Lakini hawakuja kununua vitu dirishani na kuondoka. Walishuka, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuwashusha: ufuko, sehemu za kutembea, chakula, muziki. Treni ni ile ile chuma. Tofauti ni kama mji una sababu ya mtu kubeba begi lake na kushuka.

Sisi sababu tunazo kibao, ila hazijapangwa. Pale Singidani nilitafuta benchi la kukalia, nikaishia kukaa juu ya jiwe. Nilimtafuta kijana wa kunitembeza na kunisimulia habari za Liti, nikampata babu mmoja tu, naye hana cheo wala kibanda. Vijana wenzangu wa Singida mnaolalamika hakuna ajira, hiyo si kazi? Halmashauri zetu nazo zikumbuke kwamba mabango ya kuonyesha ziwa liko wapi hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na wewe msomaji wangu wa Sinza, Mbagala, Ilemela au Njiro, safari ijayo ukipita kwetu usiniambie umeiona Singida. Kata tiketi ya kuishia hapo. Shuka, lala usiku mmoja, kula kuku ukiwa umekaa kwenye kiti kama binadamu, nunua asali kwa mkono wa aliyeirina. Basi la kesho lipo.

Shangazi yangu kashaanza kujipanga. Anatafuta chumba karibu na stesheni afungue mgahawa wenye meza na viti. Anasema kama wao hawawezi kufungua dirisha, yeye atafungua mlango.