Wachambuzi wa bima na maswali ya Ruanda

Tanzania ina wachambuzi wa mpira wengi kuliko washambuliaji, na tangu muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipoingia bungeni Septemba 2022, baadhi yao wamehamia kwenye afya bila hata kubadilisha sauti. Pita asubuhi kwenye vijiwe vya Ruanda, huku Mbozi, utawasikia redioni. Magazeti yanasomwa, mada inatajwa, kisha jopo linaanza kupokezana maneno mpaka saa tatu.

Umuhimu wao haukuja hivi hivi. Januari 2016 Nape Nnauye, akiwa waziri wa habari, alitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vya Bunge mubashara kwa ukamilifu wake. Mwananchi aliyezoea kumsikia mbunge wake kwa masikio yake akaachiwa muhtasari, na muhtasari unahitaji mtu wa kuufafanua. Hapo mchambuzi akapata kiti, na mpaka leo hajakiachia.

Kwenye muswada ule alikuwa na mengi ya kusema. Toleo la kwanza lilitaka bima iwe sharti la kupata huduma nyingine kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na pasipoti. Kwa Tunduma, mji unaoishi kwa foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, hilo lilisikika papo hapo. Ikatajwa pia Sh340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na Sh84,000 kwa mtu mmoja. Studio zikawaka moto. Muswada ukaahirishwa zaidi ya mara moja, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akarudi nao, na Novemba 2023 Bunge likaupitisha.

Sina ugomvi na kelele zile; pengine ndizo zilizoufanya muswada urudishwe mezani. Kinachonikera ni namna karibu kila mjadala unavyofungwa. Mpiga simu akiuliza, laini ikikatika, ujumbe ukisomwa haraka haraka, mwisho utasikia: "Wananchi hawana uelewa, elimu itolewe." Hiyo elimu mchambuzi mwenyewe haitoi, wala haulizwi yeye anaijua kiasi gani.

Mkulima wa Mbozi hesabu ya bima anaijua vizuri, kwa sababu ameshaishi nayo. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulimfuata kijijini kwake: afisa mwandikishaji na simu yake ya mkononi, picha za wanakaya zikapigwa, Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kwa hiyo maswali yake ni ya mtu aliyeshika kadi. Wa saba ni nani nyumbani kwangu, yule mjukuu aliyeletwa na mama yake aliyekwenda kutafuta maisha Tunduma? Kadi yangu inaishia hospitali ya mkoa, Vwawa. Nikipewa rufaa ya Mbeya, Hospitali ya Kanda, nani analipa? Na zahanati wakiniandikia dawa halafu wakaniambia nikanunue duka la dawa muhimu pale barabarani, ile Sh30,000 niliilipia nini?

Halafu kuna suala la msimu, ambalo sijalisikia likijadiliwa kwa dakika tano mfululizo. Kahawa inachumwa katikati ya mwaka, inapelekwa chama cha ushirika, AMCOS, na pesa inasubiri mnada. Ikishaingia, mtu anaezeka, anaozesha, analipa madeni. Ifikapo mwezi wa pili, watoto wamerudi shule na mbolea imeshanunuliwa, pesa ya bima inatafutwa kwa tochi. Mwajiriwa anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), hana haja ya kukumbuka. Ndiyo maana mfuko ule, ulioanza kazi 2001, umewabeba watumishi kirahisi na kumwacha mkulima akiwa mtu wa kuhamasishwa.

Machi 2024 ilionyesha wazi mjadala unakaa wapi. Hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kutoridhika na bei za kitita kipya cha mafao, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mada nyingine hewani. Kwa aliyekuwa na mgonjwa Dar es Salaam ilikuwa kizaazaa kweli. Ruanda, ambako mgonjwa anaanzia zahanati na wengi hawana hata hiyo kadi ya NHIF, habari ile ilisikilizwa kama matokeo ya ligi ya nchi ya watu.

Jambo jingine linanichekesha. Miongoni mwa vyanzo vya fedha za kuwalipia wasio na uwezo, imetajwa michezo ya kubahatisha. Kijana anayechana mkeka Jumamosi jioni anamchangia bibi yake matibabu. Lingefaa kujadiliwa, tena kwa kina, ila ni vigumu kwa kipindi chenye matangazo ya kubeti kila baada ya robo saa.

Kelele peke yake nayo si dawa. Marekani mwaka 2009, sheria ya afya ya Barack Obama ikijadiliwa, mwanasiasa Sarah Palin aliandika juu ya "mabaraza ya vifo" yatakayoamua nani atibiwe. Mabaraza hayo hayakuwamo kwenye muswada, lakini televisheni ziliyazungusha miezi na miezi. Wenzetu walizidisha ugomvi. Sisi wanajopo wetu wanakubaliana mno.

Nakonde, upande wa Zambia, ni kuvuka geti tu kutoka Tunduma. Zambia ilipitisha sheria yake ya bima ya afya 2018, mwajiriwa akachangia asilimia 1 ya mshahara na mwajiri asilimia 1; na huko nako kumwingiza asiye na ajira rasmi kumekuwa kibarua. Ni majirani wenye tatizo letu hili hili, na wafanyabiashara wa Tunduma wanaonana nao kila siku.

Basi siku moja karani wa AMCOS ya Mbozi akalishwe kwenye kiti cha mchambuzi. Aulizwe mkulima wake anaweza kulipa bima mwezi gani kwa mkupuo, na akishindwa, ikatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya kahawa kwa awamu ngapi. Majina na kilo za kila mmoja anazo kwenye daftari.