Kunakili Kiungo Chenye Jina

Kila ukurasa wa wavuti una anwani, na kwa kawaida una jina pia. Anwani huielekeza kompyuta mahali ukurasa ulipo. Jina humweleza msomaji habari zilizomo. Kwa mfano, ukurasa wa twiga katika Wikipedia ya Kiswahili una anwani hii: https://sw.wikipedia.org/wiki/Twiga. Jina lake huanza na neno Twiga.

Anwani hiyo ni fupi. Ziko nyingine zilizojaa tarakimu na alama hata zikachukua mistari mitatu, nazo huchosha macho. Kwa sababu hiyo watu hutumia kiungo chenye jina. Msomaji huliona jina tu. Anwani imefichwa nyuma yake. Akilibofya jina, kompyuta huifuata anwani. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN karibu na mji wa Geneva, aliijenga juu ya viungo.

Sasa fanya jaribio hili. Fungua ukurasa wa twiga kwa kivinjari cha Google Chrome. Bofya anwani iliyo juu ili ibadilike rangi, kisha shikilia kitufe cha Ctrl na ubonyeze C. Fungua programu ya kuandikia, kama vile Microsoft Word, ushikilie Ctrl na kubonyeza V. Umepata nini? Bila shaka umepata anwani tupu. Rudia jaribio kwa kivinjari cha Microsoft Edge. Ikiwa mipangilio yake haijabadilishwa, safari hii utaona jina la ukurasa, nalo limekuwa kiungo. Ukijaribu kwa Firefox, utapata anwani tupu kama ulivyopata kwa Chrome.

Kwa nini matokeo yametofautiana? Unapobonyeza Ctrl na C, kompyuta hukihifadhi kitu ulichonakili katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo ubao wa kunakili. Ubao huo waweza kushika kitu kimoja kwa maumbo kadhaa. Chrome na Firefox huweka hapo anwani kama maandishi matupu. Tangu mwaka 2020, Edge huweka maumbo mawili: anwani tupu na kiungo chenye jina. Programu inayopokea ndiyo huchagua. Fikiri juu ya mama aliyepika uji na ugali kwa unga ule ule: mtoto asiye na meno atakunywa uji, na kaka yake atakula ugali. Vivyo hivyo, Word hupokea kiungo chenye jina, lakini programu isiyojua ila herufi tupu hupokea anwani.

Ukitumia Edge nawe wataka anwani tu, bonyeza Ctrl, Shift na V pamoja. Ukitumia Chrome au Firefox, andika jina mwenyewe katika Word, lichague, bonyeza Ctrl na K, kisha bandika anwani katika nafasi yake. Njia hii ina kazi zaidi, lakini mara nyingi ni bora, kwa kuwa majina ya kurasa nyingi ni marefu mno.

Angalia jambo moja la hatari. Kompyuta haichunguzi kama jina na anwani vinapatana. Mwizi aweza kuandika jina la benki, na nyuma yake akaficha anwani yake mwenyewe. Mtu akibofya na kuandika namba yake ya siri, fedha zake zitaibiwa. Basi, kabla ya kubofya, weka mshale wa kipanya juu ya jina bila kubonyeza. Kivinjari kitaonyesha anwani ya kweli kwenye pembe ya chini ya dirisha. Word itaionyesha katika kisanduku kidogo karibu na jina. Soma hasa sehemu iliyo kati ya // na mkwaju unaofuata, kwani hiyo ndiyo hutaja tovuti.

Jaribu pamoja na mwenzako. Tengeneza kiungo chenye jina Simba, lakini ukipe anwani ya ukurasa wa twiga. Mwambie mwenzako aeleze, bila kubofya, ni mnyama gani atakayemkuta.