Sauti Ipo, Picha Haipo

Mtu amechomeka flashi yenye video ya harusi kwenye kompyuta inayotumia Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux. Anabofya faili mara mbili. Ngoma zinasikika, vigelegele vinasikika, lakini kioo ni cheusi. Anaiondoa programu ya kuchezea video na kuisakinisha upya. Kioo bado cheusi. Anasakinisha nyingine, hali ni ileile. Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, tufuate njia ambayo picha hupita kutoka kwenye flashi hadi kwenye kioo.

Kituo cha kwanza ni faili lenyewe. Herufi za MP4 au MKV zilizo mwishoni mwa jina hutaja kasha tu. Kasha ni mpangilio unaohifadhi pamoja mkondo wa picha, mkondo wa sauti na pengine maandishi ya tafsiri. Halisemi mikondo hiyo imebanwa kwa njia gani. Njia ya kubana picha au sauti, na ya kukirudisha kilichobanwa, huitwa kodeki. Ndani ya kasha la MP4 picha inaweza kuwa ya H.264, kodeki ya mwaka 2003, au H.265 ya mwaka 2013, ambayo pia huitwa HEVC. Sauti mara nyingi huwa ya AAC. Ndiyo maana mafaili mawili yenye herufi zilezile mwishoni yanaweza kutofautiana, moja likafunguka na jingine likagoma.

Kituo cha pili ni kung'amua. Watazamaji wa televisheni wanakijua king'amuzi: kisipokuwepo, mawimbi hufika nyumbani lakini picha haionekani. Ndani ya kompyuta kazi hiyo hufanywa na maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingine huyaazima badala ya kuyaandika upya. Maktaba mashuhuri zaidi ya kazi hii kwenye Linux ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Programu za kuchezea video kama VLC na mpv zina sura tofauti, lakini zote mbili huitegemea kwa kodeki nyingi. Hapa tunaanza kuona kwa nini kubadilisha programu hakukusaidia: dirisha lilibadilika, king'amuzi kikabaki kilekile.

Lakini kwa nini king'amuzi kikose kodeki moja na kuwa na nyingine? Jibu haliko kwenye ufundi bali kwenye sheria. Hataza ni haki inayompa mwenye uvumbuzi mamlaka ya kuwazuia wengine kuutumia kwa muda maalumu, na H.265 imezungukwa na hataza. Fedora, inayofadhiliwa na Red Hat, kampuni ya Marekani, husambaza FFmpeg iliyopunguzwa kwa jina la ffmpeg-free, ambayo kodeki za namna hiyo zimeondolewa. Iliyo kamili hupatikana katika RPM Fusion, hazina ya vifurushi iliyo nje ya mradi wa Fedora. Debian na Ubuntu, matoleo mengine ya Linux, yamefuata njia nyingine: FFmpeg yao huing'amua H.265 bila nyongeza. Kwa hiyo flashi ileile ikichomekwa kwenye Ubuntu ya jirani, bibi harusi anaonekana.

Kituo cha tatu ni ruhusa, na hapa ni zamu ya Ubuntu kusumbua. VLC iliyosakinishwa kama kifurushi cha snap huja na maktaba zake yenyewe, ila hufungiwa ndani ya uzio na huenda isisome diski za nje mpaka iruhusiwe. Dalili yake ni hii: faili likiwa kwenye flashi halifunguki, likinakiliwa kwenye folda ya Video linacheza. Amri ya kuondoa kizuizi hicho ni `sudo snap connect vlc:removable-media`. Aliyekwenda kutafuta kodeki kwa tatizo hili anazunguka mbuyu.

Kituo cha nne ni mashine yenyewe. Kung'amua kunaweza kufanywa na prosesa au na chipu ya michoro, ambayo kwenye Linux mara nyingi hufikiwa kwa njia iitwayo VA-API. Video ya 4K ikiachiwa prosesa ya zamani peke yake, feni huvuma na picha hukatakata huku sauti ikitangulia. Amri ya `vainfo` huorodhesha kodeki ambazo chipu inaweza kuzishughulikia. Kinyume chake pia hutokea: picha inakuja na rangi za ajabu au vipande vilivyovurugika. Hapo zima matumizi ya chipu katika mipangilio ya VLC. Picha ikitulia, faili na kodeki havina kosa. Kasoro iko kati ya chipu na programu inayoiendesha.

Sasa turudi kwenye harusi. Andika `ffprobe` ikifuatiwa na jina la faili. Miongoni mwa mistari itakayotokea, mmoja una neno Audio na aac, mwingine una Video na hevc. Faili limesomeka, kwa hiyo si suala la ruhusa. Sauti inacheza, kwa hiyo kasha limefunguka. Kinachobaki kushukiwa kwanza ni king'amuzi cha H.265. Baada ya kuongeza hazina ya RPM Fusion, amri ya `sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing` huweka maktaba kamili mahali pa ile iliyopunguzwa.

Hukumu sasa inaweza kutolewa. Kusakinisha upya programu ya kuchezea video hugusa dirisha, na dirisha ndilo lililokuwa na hatia ndogo kuliko vituo vyote tulivyopita. Uliza kwanza kama faili linasomeka, kisha lina kodeki gani, kisha kama king'amuzi chake kipo, mwishowe kama mashine inakimudu. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na picha ikaja, utakuwa umeiona harusi bila kujua nini kiliirudisha.