WALEVI HUUPIGIA MAKOFI, LANKUM WAMEUGEUZA KILIO!

Mtajie kijana wa mjini muziki wa asili wa Ireland, picha inayomjia ni ile ile. Baa imefurika, glasi za bia nyeusi zimejaa mezani, fidla inakwenda mchakamchaka na watu wanagonga meza kwa viganja. Raha tupu!

Basi mwenzangu, kaa mkao wa kula. Lipo kundi la Dublin linaloitwa Lankum, na hilo sherehe hiyo limeizima kabisa. Mimi nasema limefanya la maana.

Wako wanne: Ian Lynch na nduguye Daragh, Cormac MacDiarmada, na mwanadada Radie Peat, mwenye sauti kavu isiyobembeleza mtu. Vyombo vyao si vigeni sana. Kuna gitaa, fidla, vinanda vya jamii ya akodiani, na zumari za Ireland ambazo upepo wake husukumwa kwa kiwiko, si kwa mdomo. Mpenzi wa taarabu fidla na akodiani anazijua fika. Kinachoshtua ni upigaji wenyewe: sauti nzito inavuma chini, haikatiki, kama jenereta la jirani usiku wa manane. Usipime!

KUMBE NI MAJUTO

Chukua wimbo wa "The Wild Rover". Huo ndio wimbo wa baa hasa, kila mlevi anaujua. Lakini hebu sikiliza kisa chake: ni mtu aliyemaliza miaka na pesa zake kwenye pombe, sasa anajuta na kuapa kuacha. Ama kweli dunia ina vituko! Watu wanalewa huku wanaimba majuto ya mlevi, tena kwa makofi.

Lankum waliuweka mwanzoni mwa albamu yao ya 2019, "The Livelong Day". Wakaupunguza mwendo, wakaurefusha hadi ukapita dakika 10. Makofi hakuna. Mimi niliusikiliza usiku peke yangu, taa nimezima, na nilipomaliza nilimwona yule mlevi amekaa mbele yangu, hana hata nauli.

Kwenye albamu ya 2023, "False Lankum", wakazidisha. "Go Dig My Grave" ni kisa cha binti aliyekufa kwa ajili ya mapenzi. Zamani huko Ireland walikuwapo wanawake walioongoza maombolezo msibani kwa sauti, na sehemu ya mwisho ya wimbo huu imechota kwenye desturi hiyo. Washikaji, kama umeachwa juzijuzi, huu usiuguse!

JINA LILILOUMIZA

Mambo hayakuishia kwenye nyimbo. Kundi hili awali lilijiita Lynched, mchezo wa maneno kutokana na ukoo wa akina Lynch. Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni la mtu aliyeuawa na umati bila hata kufikishwa mahakamani, na Marekani maelfu ya watu weusi waliuawa hivyo, wengi kwa kutundikwa mitini.

Mwaka 2015 walikuwa wameshapiga kwenye televisheni ya BBC, jina limeanza kung'aa. Biashara ingewaambia tulieni. Wao mwaka 2016 wakalitupa, wakisema hawataki muziki wao uhusishwe na ukatili wa kibaguzi.

Lankum wamelitoa kwenye wimbo wa kale aliokuwa akiuimba John Reilly, mwimbaji wa jamii ya wahamaji wa Ireland aliyefariki 1969. Utacheka: Lankum wa wimboni naye ni muuaji! Lakini huyo ni mtu wa hadithi. Lile jina la kwanza lilibeba vifo vya watu wenye makaburi na wajukuu. Tofauti hiyo si ndogo.

Wapo watakaosema wameharibu mali ya mababu. Sikubaliani nao. Maneno ya kale wameyaacha yaseme yenyewe, wamevua tu vigelegele vilivyoyafunika. Nyumbani kwao pia wameeleweka: albamu zote mbili, ya 2019 na ya 2023, zilitwaa Choice Music Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Ireland.

Wahenga walinena, jina jema hung'ara gizani. Hawa waliamua kusikiliza neno linasema nini, liwe la wimbo au la jina lao wenyewe, na hasara wakaikubali.

Na wewe msomaji, ule wimbo unaoukatia viuno kila Jumamosi, umewahi kusikiliza unasema nini? Jaribu wiki hii. Huenda ukakaa chini.