Iceland kwa Gari Wakati wa Baridi: Rekodi za Kujua kwa Dereva Aliye Peke Yake

Barabara Namba 1 ya Iceland huzunguka karibu kisiwa kizima, kilomita zipatazo 1,320, na kumrudisha dereva pale pale alipoanzia. Wakati wa kiangazi ni matembezi. Kuanzia Novemba hadi Machi ni habari nyingine, hasa kwa aliye peke yake, asiye na wa kumpokea usukani wala wa kumsomea utabiri wa hali ya hewa. Kisiwa hiki cha volkano kimejaa rekodi, na nyingi zinamhusu dereva huyo moja kwa moja.

Tuanze na mwanga, maana ndio bidhaa adimu. Reykjavík iko kaskazini kuliko mji mkuu mwingine wowote wa nchi huru. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza hapo saa tano na ushei asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limekwishazama. Sheria inataka taa za gari ziwake usiku na mchana, mwaka mzima. Mwenye busara hupanga safari kwa saa za jua, kilomita baadaye.

Baridi yenyewe haitishi kama wengi wanavyodhani. Rekodi ni nyuzi 38 chini ya sifuri, iliyopimwa Januari 1918 huko Grímsstaðir na Möðrudalur, na haijavunjwa hadi leo. Lakini hizo ni nyanda za juu kaskazini mashariki. Pwani hupashwa na mkondo wa bahari, hivyo joto hupanda na kushuka karibu na sifuri, na hapo ndipo penye hatari: theluji huyeyuka mchana, usiku lami ikavaa barafu isiyoonekana. Matairi ya misumari huruhusiwa kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili. Ukikodi gari, yaulizie hayo kabla ya bei.

Bingwa wa kweli, kwa maoni yangu, ni upepo. Januari 1995, juu ya mlima Gagnheiðarhnjúkur upande wa mashariki, kipimo kilionyesha mvumo wa zaidi ya mita 74 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Barabarani kwa kawaida haufiki huko, ila chini ya milima ya kusini hushuka kwa ghafla na kuweza kulisukuma gari nje ya njia. Hasara inayowakuta wageni wengi wala si ajali: ni mlango. Unaufungua kidogo tu, upepo unaunyakua, bawaba zinapinda na mlango haufungi tena. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi hasara hiyo. Egesha pua ya gari ikielekea upepo, shika mlango kwa mikono miwili, ndipo utoe mguu.

Kama ni kutoa taji kwa kipande kimoja cha njia, nakipa kile cha kusini mashariki, chini ya Vatnajökull. Hilo ndilo kuba kubwa la barafu nchini, kilomita za mraba zipatazo 7,700. Ukingoni mwake kuna Hvannadalshnúkur, kilele kirefu kuliko vyote Iceland, mita 2,110, na ziwa Jökulsárlón, lenye kina kirefu kuliko mengine yote nchini. Mchanga mweusi wa Skeiðarársandur ulikuwa kizuizi cha mwisho: mito yake ilihamahama hivi kwamba mzunguko wa barabara haukukamilika hadi 1974, lilipofunguliwa daraja la Skeiðará, refu kuliko yote nchini.

Miaka 22 baadaye volkano ililipuka chini ya barafu. Maji yaliyoyeyuka yalikusanyika kwa zaidi ya mwezi mzima, kisha Novemba 1996 yakafumuka na mapande makubwa ya barafu, yakang'oa sehemu ya daraja. Vyuma vyake vilivyopindika vimewekwa kando ya barabara, simama uvitazame. Halafu mwaka 2009 mto ukahama, ukaliacha daraja refu kuliko yote likiwa juu ya changarawe tupu. Mwaka 2017 njia ilihamishiwa kwenye daraja dogo jirani.

Magharibi ya hapo barabara inakatiza Eldhraun, lava ya volkano ya Laki ya 1783, mlipuko uliodumu miezi minane na, kupitia njaa iliyofuata, kuua takriban mtu mmoja kati ya watano nchini. Mlipuko wa Eyjafjallajökull wa 2010 haukufikia hata robo ya hapo, lakini ndio uliotugusa sisi wa Afrika Mashariki: anga la Ulaya lilifungwa kwa siku kadhaa, na maua ya Naivasha, Kenya, yakakosa ndege na kuozea kwenye maghala.

Tuna deni jema pia kwa joto la ardhi ya Iceland. Deildartunguhver, nje ya njia kuu, hutoa lita 180 za maji ya nyuzi 97 kila sekunde, chemchemi yenye nguvu kuliko zote Ulaya, na maji hayo hupasha nyumba za Borgarnes na Akranes. Wataalamu wengi wa jotoardhi wa Kenya, wakiwemo wa vituo vya umeme vya Olkaria, walisomea kazi hiyo Iceland.

Kila asubuhi fungua ramani ya mamlaka ya barabara kabla ya kuondoka, mwachie mtu ratiba yako, na ukikwama piga namba ya dharura, 112, ukiwa ndani ya gari. Barabara ikitangazwa kufungwa, lala ulipo.