Je, Wajua? Saratani ya Titi Hubadilika Ikiwa Safarini

Je, wajua kuwa saratani ya titi ikifika kwenye mfupa haigeuki kuwa saratani ya mfupa? Huitwa ya titi hadi mwisho, na dawa zake ni za titi. Mtaalamu akiweka kinyama chake chini ya hadubini huona asili yake ya titi. Ila ukizisoma jeni zake utakuta mengi yamebadilika tangu iondoke nyumbani.

Je, wajua yanabadilikaje? Vinasaba vya binadamu ni maandishi ya herufi kama bilioni 3, na kila seli ikijigawa lazima iyanakili yote. Mpe karani kazi ya kunakili msahafu kwa mkono usiku mmoja, kisha umfukuze mhakiki: hapo ndipo seli ya saratani ilipo. Makosa mengi hayana athari yoyote. Machache huipa seli nafasi ya kukua haraka kuliko jirani zake, au kustahimili dawa iliyowaua wenzake, na uzao wake ndio unaotawala. Peter Nowell, mtafiti wa Philadelphia, aliieleza hoja hiyo mwaka 1976. Kwake uvimbe ulikuwa ukoo wenye matawi, na matawi hayo hushindana.

Je, wajua kuwa mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi? Aliona ini na mifupa vikishambuliwa mno huku viungo vingine vikiachwa. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: huota pale udongo unapozikubali. Hakuna aliyejua jeni ni nini wakati huo.

Je, wajua kuhusu mwanamke mmoja wa Canada ambaye ugonjwa wake ulisomwa herufi kwa herufi? Wanasayansi wa Vancouver walitoa matokeo mwaka 2009. Walichukua saratani iliyokwisha kusambaa mwilini mwake, wakailinganisha na uvimbe wa kwanza uliotolewa miaka 9 nyuma. Katika ile iliyosambaa walikuta makosa 32 yanayobadili protini. Wakarudi kwenye uvimbe wa zamani kuyatafuta. Matano yalikuwamo, tena kwa wingi. Sita yalikuwa kwenye seli chache tu. Kumi na tisa hayakuonekana kabisa. Mawili yaliyobaki vipimo havikuweza kuyaamua. Yaani zaidi ya nusu ya makosa hayo 32 hayakuonekana kwenye kinyama cha mwanzo.

Je, wajua kuwa dawa nayo huchagua nani abaki? Saratani nyingi za titi hulishwa na homoni ya estrojeni, hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuikata. Baada ya muda huweza kuzuka seli zenye kosa kwenye jeni iitwayo ESR1. Kipokezi chao cha homoni hubaki kimewaka bila homoni yenyewe, kama taa ambayo swichi yake imekwama. Kosa hilo ni adimu kwenye uvimbe wa mwanzo, lakini baada ya dawa hizo kwenye ugonjwa uliosambaa ni la kawaida. Januari 2023 Marekani iliidhinisha elacestrant, kidonge cha wagonjwa wenye kosa hilo hilo.

Je, wajua kuwa jeni iliyoharibika inaweza kujitengeneza kwa kuharibika mara ya pili? Kazi ya BRCA2 ni kuunga vinasaba vilivyokatika. Aliyerithi jeni hiyo ikiwa mbovu ana hatari kubwa ya saratani ya titi, lakini ubovu huo ndio madaktari wanaoutumia: dawa kama olaparib huziba njia nyingine ya ukarabati, na seli ya saratani hufa kwa kukosa fundi. Kisha seli moja hupoteza herufi nyingine kidogo karibu na pale palipoharibika, sentensi ikasomeka tena, fundi akarudi kazini. Dawa imegonga mwamba. Mimi hapa ndipo huiogopa saratani kuliko mahali pengine popote.

Je, wajua kuwa vivimbe vya mgonjwa mmoja vinaweza kufika kwenye ujanja uleule kwa njia tofauti? Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya mwanamke aliyetibiwa kwa alpelisib, dawa inayolenga jeni ya PIK3CA. Ilimsaidia kwa muda, baadaye ikashindwa, naye akafariki. Sampuli zilichukuliwa sehemu 14 za mwili wake. Vile vivimbe vilivyoishinda dawa vilikuwa vimeipoteza jeni iitwayo PTEN, lakini kila kimoja hakikuivunja kama mwenzake.

Je, wajua saa za safari yenyewe? Watafiti wa Uswisi walitoa damu kwa wanawake 30 wenye saratani ya titi, saa 10 alfajiri na tena saa 4 asubuhi. Kati ya seli za saratani walizozikuta zikielea kwenye damu, karibu 78 kwa kila 100 zilikuwa za alfajiri, mgonjwa akiwa amelala. Ilikuwa mwaka 2022. Tafadhali, mtu asiache kulala kwa sababu ya aya hii.

Je, wajua kuwa hata majibu ya vipimo vya vipokezi vya homoni na vya protini iitwayo HER2, yale yanayoamua dawa, yanaweza kugeuka kati ya uvimbe wa kwanza na uliosambaa? Kwa hiyo kama wewe au ndugu yako ameambiwa ugonjwa umerudi, muulize daktari swali moja kabla dawa hazijaandikwa: kinyama cha uvimbe huu mpya kinaweza kuchukuliwa kikapimwa, au tunategemea karatasi ya ule wa zamani?